Turbini za Gogo na Kompyuta Kuukuu za Migori

Katika Nyatike, Kaunti ya Migori, maji ya Mto Kuja yalianza kuzungusha turbini za kituo cha umeme cha Gogo katika miaka ya 1950. Kituo hicho kidogo cha megawati 2 hakikujengwa kwa ajili ya shule wala maduka ya vijijini. Kilijengwa ili kuupa umeme mgodi wa shaba wa Macalder. Mgodi ulifungwa mwaka 1966, na kwa hesabu za kibiashara mtambo uliompoteza mteja aliyejengewa ulikuwa umefika mwisho wake. Haikuwa hivyo. Gogo iliingizwa katika mfumo wa umeme wa taifa, ikaja kuwa mali ya kampuni ya umeme ya KenGen, na ikaendelea kufua umeme miongo mingi baada ya shaba kukoma. Historia hiyo inatoa kipimo cha kupimia kompyuta kuukuu za shule na saiba za Migori na kaunti jirani ya Homa Bay. Mashine huishi ikipata kazi mpya, spea, na fundi anayelipwa kuitunza. Mwaka ilipotengenezwa una uzito mdogo kuliko tunavyoaminishwa na wauzaji.

Kompyuta nyingi zilizofika katika shule za Kenya mwanzoni mwa karne hii zilikuwa tayari zimetumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilizipokea mashine zilizoachwa na ofisi, nyingi zikiwa za ng’ambo, likazikarabati na kuzisambaza shuleni. Cha kutazamwa hapo si ukarimu wa watoaji bali mpango wenyewe: mashine ziliambatana na mafunzo ya walimu na matengenezo, na zilipokufa kabisa ulikuwepo utaratibu wa kuzirudisha zikavunjwe salama. Sokoni nako bidhaa za «ex-UK», yaani zilizotumika Uingereza, zilijenga biashara ya saiba katika miji midogo. Kisha, kuanzia kama mwaka 2014, huduma za serikali za eCitizen na iTax zikahamishia mtandaoni vyeti, leseni na ritani za kodi. Mwananchi asiye na kompyuta akalazimika kwenda saiba, na kazi aliyoipeleka huko, kujaza fomu na kuchapisha karatasi, haikuhitaji mashine ya mwaka huo. Kama Gogo baada ya 1966, kompyuta iliyostaafishwa na mmiliki wake wa kwanza ilipata mteja wa pili.

Linganisha na mpango wa serikali wa vifaa vipya. Ahadi ya kompyuta za mkononi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za mwaka 2013, na usambazaji, uliogeuka kuwa wa tableti, ukaanza mwaka 2016. Vifaa vilikuwa vipya, lakini vingi viliishia kufungiwa stoo au kuibwa, na vilivyoharibika havikuwa na fundi wa karibu. Upya wake haukuviokoa. Kilichokosekana ni kile ambacho kompyuta kuukuu zilizotunzwa zilikuwa nacho: mtu mwenye jukumu, na fungu la fedha la kulitimiza.

Yapo mapingamizi mazito. La kwanza ni kwamba turbini si kompyuta: chuma kinaweza kuchongwa upya karakanani, ilhali kompyuta inategemea programu ambazo mtengenezaji akiziacha, mlango unabaki wazi kwa wadukuzi. Ni kweli. Windows XP iliachwa Aprili 2014, na Windows 10 ikakoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inazikataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 hata kama ni nzima. Lakini hoja hii inathibitisha kwamba mashine hizo zimezeeshwa kwa uamuzi wa kibiashara. Mifumo huria ya Linux inapatikana bure, inaendelea kusahihishwa, na huendesha vizuri mashine nyingi zilizokataliwa. Gharama yake ni ujuzi: lazima mwalimu au fundi afundishwe. Pasipo ujuzi huo, kompyuta hiyo isiguse taarifa za fedha wala za wagonjwa.

Pingamizi la pili ni la heshima: kwa nini mtoto wa Migori asomee mtumba wakati wa Nairobi anapewa mpya? Swali ni la haki, na jibu linategemea kazi yenyewe. Mtihani wa vitendo wa somo la Kompyuta katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hudai lahajedwali, hifadhidata na uchapishaji. Mashine ya miaka 10 inayatimiza hayo yote. Dharau ni kumpa mtoto mashine isiyowaka, iwe mpya au kuukuu. La tatu ni la taka, na ndilo lenye ukweli mchungu zaidi, kwani misaada imewahi kuwa njia ya kututupia uchafu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Dawa yake ni ukaguzi bandarini, na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka imekwisha kuweka msingi wa kumwajibisha mzalishaji. Kuitupa kompyuta iliyo hapa tayari na bado inafanya kazi hakupunguzi taka hata kidogo. Kunaziongeza, na kunadai nyingine itengenezwe, ambako ndiko sehemu kubwa ya uchafuzi wa maisha ya kompyuta hutokea.

Kwa hiyo kaunti mbili hizi zinaponunua vifaa, swali la kwanza lisiwe modeli ya mwaka gani. Liwe: nani ataitengeneza katika mwaka wa tano, spea zitatoka wapi, na mshahara wa fundi umo katika bajeti? Majibu yakikosekana, hata kompyuta iliyotoka kiwandani jana ni kuukuu. Yakipatikana, za zamani zina kazi ya miaka mingi.