Figo Zetu na Hesabu ya Rangi

Sisi Waswahili wa London tumezoea kuulizana habari za nyumbani. Siku hizi tunaulizana pia habari za mashine: nani anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi.

Mashine hiyo si ngeni mjini humu. Mholanzi Willem Kolff aliitengeneza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kufikia 1946 ilikuwa ikitumika katika hospitali ya Hammersmith. Mwanzoni iliwafaa waliougua ghafla tu. Mwaka 1960, Belding Scribner wa Seattle alibuni mrija wa kubaki mkononi mwa mgonjwa, na ndipo watu wenye figo zilizokufa walipoanza kuishi miaka.

Je, mashine inatufaa sote sawasawa? Kwa muda mrefu takwimu za Marekani zilionyesha kwamba weusi huishi zaidi katika mashine kuliko weupe, na wengi wakaridhika na jibu hilo. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.3 na kuwagawa kwa umri. Nafuu ilikuwa ya wazee. Vijana weusi wa miaka 18 hadi 30 walikuwa katika hatari ya kufa karibu maradufu ya weupe wenzao, hasa ikizingatiwa kwamba vijana weupe wengi zaidi huiacha mashine kwa kupata figo mpya. Wastani uliwaficha vijana wetu.

Huku Uingereza kulikuwa na kificho kingine. Nguvu ya figo hukadiriwa kwa kupima kreatinini katika damu. Mwongozo wa taifa wa 2014 uliagiza jibu la mtu mwenye asili ya Afrika lizidishwe kwa 1.159. Aliyekuwa na 13 akaandikiwa 15, akaonekana mzima kuliko alivyo. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa Kinshasa na Abidjan ulionyesha kwamba nyongeza hiyo haiwafai Waafrika. Agosti 2021 Uingereza ikaifuta.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha hakuwa mgonjwa; ilikuwa hesabu.

Basi ndugu zetu, mwenye kisukari au shinikizo la damu na aulize namba yake ya figo. Kama alipimwa kabla ya 2021, aulize pia kama ilizidishwa. Tena tuzungumze nyumbani kuhusu kutoa figo, kwani mara nyingi inayolingana hutoka kwa mwenye asili moja nasi. Baraza la Sheria la Waislamu hapa Uingereza liliruhusu jambo hilo tangu 1995. Na tangu Mei 2020 sheria ya England humhesabu mtu mzima kuwa ameridhia kutoa viungo akifariki, asipokataa. Lakini jamaa bado huulizwa. Tusingoje kuulizwa kando ya kitanda cha maiti.