Watu wa Namba

Nilizaliwa chini ya Milima ya Uluguru, mahali ambapo ukitazama upande mmoja unaona mlima, na ukigeuka upande wa pili unaona mkonge. Utotoni nilidhani vitu hivyo viwili viliumbwa siku moja. Sisi watoto wa Kiluguru tulikuwa na tusi letu kwa mtu tuliyemdhania hana kwao: tulimwita manamba. Siku moja, katika miaka ya sitini, nilimtupia tusi hilo mjukuu wa jirani yetu, mzee wa Kimakonde mwenye chale usoni, aliyetoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Mzee alinisikia. Hakunipiga. Aliniita akaniuliza, "Mjukuu wangu, unajua namba yangu ilikuwa ngapi?" Nikajibu sijui. Akasema, "Basi usimtukane mtu kwa jambo usilolijua."

Miaka mingi imepita, na swali lile bado linanisumbua. Kwa nini mzee yule alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge chini ya mlima uliojaa watu?

Mkonge nao ulikuwa mgeni. Mnamo 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, mashamba makubwa yaliifuata. Shamba la mkonge linahitaji watu wengi. Majani hukatwa kwa mkono, moja moja, hufungwa mafungu, hubebwa na kupelekwa korona yakasagwe. Kisha singa huanikwa juani na kupigwa brashi. Kazi hiyo haina msimu wa kupumzika.

Wenye mashamba walitazama juu mlimani wakawaona Waluguru, wengi na karibu. Lakini Mluguru alikuwa na mvua, alikuwa na ardhi ya ukoo wa mama yake, na ndizi, mahindi na maharage. Fedha ya kodi aliipata kwa kuteremsha mazao sokoni. Akiona shida alifanya kibarua cha siku chache, kisha akapanda mlima kurudi kwake. Wazungu wakamwita mvivu. Mimi nasema hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa na pa kurudi, na mtu mwenye pa kurudi anaweza kukataa ujira mdogo.

Hivyo basi ilibidi watafutwe watu ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Wengine walitoka mbali humuhumu nchini, kama Waha wa Kigoma na Wabena wa Njombe. Wengine walitoka nje: Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na Msumbiji ya Wareno. Mnamo 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda ofisi maalumu ya kuandikisha wafanyakazi, ikajulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliandikishwa, akapimwa na daktari, akaweka alama ya kidole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma, akapewa namba. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la manamba. Wamakonde wengi hawakungoja wakala. Walivuka Ruvuma kwa miguu yao wenyewe, wakikimbia kazi ya kulazimishwa iliyoitwa chibalo. Kwao mkonge, pamoja na miiba yake, ulikuwa afadhali.

Nadhani msomaji sasa anaona nilichochelewa kukiona. Tunapenda kusema kwamba wageni walikuja kwa sababu wenyeji hawakutosha. Wenyeji walitosha. Kilichokosekana ni ujira ambao ungemshawishi mtu mwenye shamba lake. Badala ya kuongeza ujira, wenye mashamba walipeleka mawakala mahali penye dhiki kubwa zaidi.

Sheria nayo ilisimama upande mmoja. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1923, mfanyakazi aliyetoroka kazi aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Malipo yalifuata kipande: siku 30 za kazi iliyokamilika. Siku ambayo hukumaliza sehemu yako haikuhesabiwa. Ni kweli kwamba mnamo 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba uliotaka mwandikishwaji apimwe afya, na gharama za safari zibebwe na aliyemwandikisha au mwajiri. Lakini mkataba wa Geneva na maisha ya kambini ni vitu viwili tofauti.

Hata hivyo watu hao hawakuja na mikono tu. Wamakonde walikuja na ufundi wa kuchonga mpingo, ambao leo twauonyesha wageni kuwa fahari yetu. Ndani ya mashamba na miji ya Tanganyika walijifunza pia siasa. Miongoni mwao kilitoka chama cha MANU, ambacho mwaka 1962 kiliungana na vingine viwili jijini Dar es Salaam kuunda FRELIMO.

Baadaye nyuzi za plastiki zilishusha bei ya katani. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, na mengi yakazidiwa na magugu. Shamba lililoachwa la Mazimbu walipewa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wakajenga shule. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ardhi ilipata kazi ya pili. Waliokuwa wamezeekea kambini hawakupata, na wengi hawakuwa tena na kijiji cha kurudia.

Siku hizi wakala huja kwetu. Huwaandikisha mabinti kwenda kufanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba. Wapo wanaorudi wamejenga nyumba, nami nawapongeza. Wapo pia walionyang'anywa pasipoti wakafungiwa ndani. Nikisikia habari zao sianzi kwa kuuliza mshahara. Namwuliza mzazi: mwanao akisema hapana, ana pa kurudi? Na nauli ya kumrudisha ni ya nani?

Mzee jirani yetu alifia Morogoro, hakuvuka tena Ruvuma. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuja kumwomba mjukuu wake, sote wawili tukiwa na mvi. Alicheka, akasema hakumbuki tusi lile. Mimi nalikumbuka.