Wasomao Mistari ya Bei, kutoka Osaka hadi Beni

Tangu bei ya kakao ilipopaa huko New York hata ikapita dola 12,000 kwa tani mwezi Desemba 2024, kisha mwaka uliofuata ikaporomoka ikabaki takriban nusu yake, wako vijana wa Butembo na Beni, mashariki ya Congo, walioingiwa na shauku ya kukodolea macho, simuni mwao, ile michoro ya bei iitwayo mishumaa, myekundu na ya kijani, wakitaraji kuijua leo bei ya kesho. Elimu hiyo ina karne kadhaa, na katika tarehe yake mna kesi moja ambayo yafaa aisome kila atakaye kuitegemea kwa fedha zake.

Soko la mchele la Dojima, mjini Osaka, lilipata idhini ya serikali mwaka 1730, na humo stakabadhi za mchele ziliuzwa pasi na mchele wenyewe kuonekana. Munehisa Homma, tajiri wa Sakata, husifiwa kuwa ndiye aliyewafunza watu kusoma hofu na tamaa za wenziwao katika mwendo wa bei, ingawa wale wanaomnasibishia mishumaa yenyewe nadhani wanamzidishia. Huko Marekani, Charles Dow, mmoja wa waasisi wa gazeti la Wall Street Journal la mwaka 1889, alianza mwaka 1896 kutangaza wastani wa hisa 12 za viwanda, na tahariri zake zikaeleza kwamba soko lina mikondo mikubwa na midogo, ifuatanayo kwa kanuni.

Dow alipofariki mwaka 1902, kanuni hiyo ilirithiwa na William Peter Hamilton, ambaye kwa zaidi ya miaka 25 aliandika katika gazeti lile lile lini soko litapanda na lini litashuka. Na mnamo tarehe 25 Oktoba 1929, siku moja tu baada ya ile Alhamisi ya kiwewe hisa zilipoporomoka, akatangaza kwamba maji yamekwisha geuka. Alifariki Desemba hiyo hiyo. Wastani uliokuwa 381 mwezi Septemba ukateremka hadi 41 ilipofika Julai 1932, na marehemu akawa mfano wa mtu aliyeona.

Hapo ndipo alipozuka Alfred Cowles, mtu wa ukoo wenye mali katika gazeti la Chicago Tribune, aliyekuwa akiishi Colorado kwa maradhi ya kifua, na ambaye, baada ya kulipia majarida ya watabiri wa soko na asipate humo onyo la maana kabla ya msiba, aliazimia kuwafanyia hesabu mmoja mmoja. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1933 hayakumstahi hata maiti: katika tahariri 255 za Hamilton alikuta mageuzo 90 ya rai, 45 yakiwa sawa na 45 yakiwa makosa, na ambaye angalimfuata angalipata asilimia 12 kwa mwaka, ilhali aliyenunua hisa za viwanda akatulia nazo angalipata 15.5. Fauka ya hayo akachanganya karata, akazichomoa pasi na kuangalia, akatunga kwazo utabiri wa bahati nasibu, na ikadhihirika kwamba watabiri bora kabisa hawakuishinda bahati iliyo njema.

Hukumu hiyo ilisimama zaidi ya miaka 60, hata mwaka 1998 wataalamu watatu, Stephen Brown, William Goetzmann na Alok Kumar, walipoifungua upya wakasema kwamba Cowles alihesabu faida akasahau khatari: mfuasi wa Hamilton angalikuwa nje ya soko katika nyakati nyingi mbaya, na kwa mizani hiyo mwandishi yule alijua kazi yake. Insafu yataka tuwasikilize. Walakini wauzao masomo ya mishumaa hawamtaji Hamilton wala Cowles.

Kwetu, biashara ya kungojea bei haikuanza na simu. Vwakyanakazi Mukohya, katika tasnifu yake ya mwaka 1982, aliwachunguza wafanyabiashara wa Butembo wa miaka 1960 hadi 1980, na zama hizo ndizo baridi kali ilipoiunguza mibuni ya Paraná, Brazili, Julai 1975, na ratili ya kahawa ikapita dola 3 huko New York mwaka 1977. Kwa mwenye magunia ya Beni au Lubero swali kuu lilikuwa mpaka wa Uganda: bei rasmi ilikuwa duni, sarafu ya zaire ikiyeyuka, na kahawa ikavuka Kasindi kwa magendo kufuata bei. Mibuni ya Beni ikapatwa na ugonjwa wa kunyauka, kakao ikashika nafasi yake.

Mchoro hudhani kwamba mwenye mali aweza kungoja. Mkulima wa Oicha, upande wa Beni, ambaye huenda akauawa shambani mwake msimu wa mavuno au kakao yake ikachumwa na wenye bunduki, huuza siku aliyofaulu kuifikisha mizanini. Congo haina soko la hisa hata leo. Lakini Dojima walisoma bei ya mchele wao wenyewe, nasi twasoma ya New York. Chuo Kikuu cha Graben kimekuwapo Butembo tangu 1989, na kitivo cha uchumi kinacho: naona ni aibu kwamba mwanafunzi hapewi, wazi na kwa urahisi, daftari la bei ya kakao ya Beni, siku kwa siku, ya miaka 20. Kazi hiyo yataka kalamu, na mtu wa kwenda Mangina na Oicha kila siku ya soko, njia ikiruhusu.