Kuchora kwa kreyo: mambo ya kwanza ya kujua

Kule Mubi, kama penye masoko mengine ya Walikale, fundi wa mbao na muteja wanaweza kupatana juu ya kabati kwa mudomo tu. Siku ya kuichukua, njo ubishi unaanza: «Hii haiko kile nilikuomba.» Mbao zimeisha kukatwa, feza imeisha kutoka. Muchoro mudogo wenye vipimo, kwenye karatasi ya kaye, ungeepusha hasara hiyo. Na kuchora haiko zawadi ya watu wachache, kunafundishika.

Kreyo. Ndani yake hamuna risasi: ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Mufaransa Nicolas-Jacques Conté alileta njia hiyo mwaka wa 1795. Udongo ukizidi, kreyo inakuwa ngumu na mustari hafifu (alama H). Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi (alama B). HB, ile ya wanafunzi, inatosha kwa kuanza.

Maumbo. Tafuta umbo rahisi ndani ya kitu: nyumba ni sanduku, chungwa ni muviringo. Chora umbo hilo kwanza, bila kugandamiza kreyo, ili ukikosea ufute bila shida.

Vipimo. Nyoosha mukono wote, funga jicho moja, simamisha kreyo, na uweke alama kwa kidole gumba. Kwa mutu muzima, kichwa kinaingia karibu mara 7 katika urefu wake. Macho yako katikati ya kichwa, si karibu na nywele kama wengi wetu tunavyochora.

Mbali na karibu. Simama kwenye barabara iliyonyooka: kando zake mbili zinaonekana kukutana kule mbele, kwenye usawa wa macho yako. Vitu vya mbali, vichore vidogo.

Kivuli. Jua mwanga unatoka wapi. Upande wa pili, weka mistari ya karibu-karibu.

Angalisho: usichore karibu na bariere ao kambi ya wenye silaha. Wanaweza kukudhania mupelelezi.

Dakika 15 kila siku zinatosha. Barly Baruti, muchoraji wa hadisi za picha anayejulikana mpaka Ulaya, ni muzaliwa wa Kisangani, muji ambako barabara ya Walikale inaelekea. Wewe pia anzia kitu kilicho mbele yako: ndoo, kiti, bidoni ya maji.