Mtoto Apataye Nafuu Akilia

Kwetu Kinsevere, kaskazini ya Lubumbashi, watu wazoea kusema habari za shaba. Leo twataka kusema habari ya kitu chenye thamani kuipita: pumzi ya mtoto mchanga.

Mtoto akikoroma, mara nyingi ni mafua tu. Lakini wako wachache wanaozaliwa na njia ya pumzi iliyozibika. Zamani mtoto wa namna hii alipokufa, pengine mama alilaumiwa, au jirani alishitakiwa uchawi. Kumbe sababu ilikuwa mwilini mwa mtoto mwenyewe.

Mwaka 1755 Johann Roederer, daktari Mjerumani, alieleza habari za mtoto aliyezibwa pua kwa nyuma. Mtoto mchanga hupumua hasa kwa pua. Basi huyo akinyamaza au akinyonya, midomo yake hugeuka buluu. Akilia hupata nafuu, kwa kuwa kinywa kimefunguka. Daktari hujaribu kupitisha mpira mwembamba puani. Usipopita, huishika njia ya kinywa iwe wazi kwa kifaa, mpaka siku ya kupasua.

Mwaka 1923 Pierre Robin wa Paris alieleza watoto wenye taya dogo, ambao ulimi wao huanguka nyuma na kuziba koo. Wengi hupata nafuu wakilazwa kifudifudi hospitalini, chini ya macho ya wauguzi. Mtoto mzima wa nyumbani alazwe chali.

Tena mwaka 1945 Robert Gross wa Boston alieleza mtoto ambaye mshipa mkubwa wa damu ulizunguka koo lake la hewa kama pete. Aliikata pete ile, mtoto akapumua.

Twajifunza nini? Ya kwamba kabla ya kisu huja swali: mtoto hukosa pumzi lini? Akilala chali? Akinyonya? Akinyamaza? Mwenye kujua ni mama, aliyekesha naye. Basi, mama, ukifika kwa daktari usione haya kueleza yote. Mficha uchi hazai. Na ukiona midomo ya buluu, au mbavu zikibonyea kwa kila pumzi, usimtilie dawa kinywani, wala usingoje kuche. Mchukue hospitalini saa ile ile.