Bustani ya Bwana, Mikono ya Babu

Oktoba ikifika, Arusha inageuka zambarau. Mijakaranda inamwaga maua juu ya magari, juu ya vibanda vya vocha, juu ya vichwa vya wapita njia. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa na marafiki kwenye mgahawa mmoja hapa mjini, mmoja wao akatazama nje akasema, "Hakuna mti wa Kiafrika kama huu." Nikacheka. Nikamwambia asili yake ni Amerika Kusini. Hakukubali. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwisho tukatoa simu tukatafuta. Alipoona mwenyewe kwamba kwao ni Argentina na Bolivia, akauliza swali ambalo limenikaa kichwani hadi leo: "Sasa nani aliupanda?"

Jibu la haraka ni walowezi. Lakini ngoja kwanza, ndugu msomaji, maana jibu hilo linaacha watu wengi nje. Babu yangu mzaa mama ni mmoja wao.

Tuanze na waliokuja. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Serikali ya Uingereza ilikuwa imemwaga fedha nyingi kwenye reli hiyo, ikataka watu wa kulima kando yake ili fedha zirudi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikafungua mlango, na ile ya mwaka 1915 ikawapa walowezi wa Kenya mikataba ya miaka 999. Huku kwetu Wajerumani walikuwa wameshatangulia. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyonusurika ilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga yalitokana na hiyo 62. Mwaka 1902 wakaanzisha kituo cha Amani, Usambara Mashariki, kujaribu mimea iliyoletwa kutoka kila pembe ya dunia.

Mtu anayehamia ugenini hubeba kwao kwenye sanduku. Hawa walibeba mbegu. Walitaka waridi mbele ya baraza, nyasi zilizokatwa sawasawa, mboga walizozoea kula utotoni. Mwaka 1934 kilichapishwa kitabu kizima cha kuwafundisha, *Gardening in East Africa*, kilichohaririwa na A. J. Jex-Blake. Na walihitaji kufundishwa kweli, maana karibu kila walichokijua kuhusu kilimo kilikataa. Hapa hakuna majira manne. Kuna masika na vuli, na katikati yake kuna jua. Mchana una saa kumi na mbili karibu mwaka mzima, wakati mimea mingi ya Ulaya husubiri siku zirefuke ndipo ichanue. Tulipu hutaka baridi kali ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ua. Sasa uipate wapi baridi hiyo Thika?

Karen Blixen, yule mama wa Denmark aliyeishi chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931, alieleza katika kitabu chake *Out of Africa* jinsi alivyoleta pioni kutoka kwao. Ua moja tu kubwa jeupe likachanua. Akalikata, akalipeleka ndani ya nyumba. Baadaye ndipo akatambua kosa lake: angeliacha litoe mbegu, huenda angekumbukwa kama mtu aliyeleta pioni Kenya. Kahawa yake nayo haikumlipa. Shamba lilikuwa juu mno, yapata mita 1,800, kahawa haikupenda baridi ile, na mwaka 1931 alirudi Denmark akiwa amefilisika. Bustani ilibaki. Leo nyumba yake ni makumbusho, na watu wanakwenda kupiga picha za harusi kwenye nyasi zile.

Sasa turudi kwenye swali la rafiki yangu. Nani alichimba mashimo?

Kenya, sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi afanye kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Kiswahili walichozoea walowezi kilikuja kuitwa Kisetla, lugha iliyobaki na amri tu: leta, chimba, mwagia, ondoa. Ngeli zilitupwa, "tafadhali" ikatupwa pamoja nazo. Na mfanyakazi wa bustani akapewa jina ambalo hadi leo tunalitumia bila kufikiri: shamba boi. Shamba si bustani, na aliyeitwa "boi" mara nyingi alikuwa baba wa watoto sita.

Babu alikuwa shamba boi miaka ya hamsini, kwenye nyumba ya mlowezi mmoja mitelemko ya Mlima Meru. Alikuwa hapendi kusimulia sana. Lakini tukitembea naye, kila mmea alikuwa na majina yake mawili: la Kimeru na lile alilosikia kwa bwana. Alijua waridi likatwe mwezi gani, alijua mti gani wa porini majani yake yanafukuza wadudu wa kabichi. Hili la pili hakufundishwa na bwana. Bwana ndiye aliyefundishwa na babu, ila hakuna kitabu kilichoandika hivyo.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru takriban 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kupeleka kilio cha Wameru. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini kesi hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaamsha Watanganyika kudai nchi yao. Sasa fikiria kijana wa Kimeru, miaka michache baadaye, amepiga magoti anapalilia maua mbele ya baraza la mlowezi. Mimi nilichelewa sana kumfikiria babu hivyo.

Na wanyama je? Kwa mgeni, mnyama alikuwa na sura mbili. Kwanza ni uzuri: Blixen alimlea mbawala mchanga akamwita Lulu, akaingia na kutoka ndani ya nyumba kama mtoto wa familia. Pili ni adui wa bustani: nyani, nungunungu, nguruwe pori. Mwenyeji naye aliwajua wanyama hao vizuri, kwa sababu walikula mahindi yake kabla ya kula kabichi za bwana. Tofauti ilikuwa kwenye sheria. Tangu mwaka 1896, Gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri ya kulinda wanyama katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kuwinda kukawa jambo la leseni. Mwenye leseni na bunduki akawa mwindaji. Mwenye upinde na mtego, aliyefanya kama baba yake alivyofanya, akawa jangili.

Lakini tusidhani mimea ilisafiri upande mmoja. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau huko Usambara, akampelekea baba yake mbegu Ujerumani. Leo ua lile liko kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, wakati ndugu zake wa porini wanapungua kadiri misitu ya Usambara inavyokatwa. Nyasi za Kikuyu, zinazoota zenyewe nyanda za juu za Afrika Mashariki, zimekuwa nyasi za bustani na malisho mpaka Australia, na kwingine zinasumbua. Mti wetu wa maua mekundu wanaouita Nandi flame umepelekwa Hawaii na Fiji kwa uzuri wake, na huko sasa unahesabiwa mvamizi.

Yaliyoletwa kwetu nayo yametoroka bustanini. Lantana ililetwa kwa ajili ya maua na uzio. Leo imevamia malisho, na ng'ombe akiila anaugua. Dungusi lenye miiba limefunika maeneo makubwa ya Laikipia, na tembo wanalisambaza zaidi kwa kula matunda yake. Gugumaji, ambalo watu walilipenda kwa ua lake zuri bwawani, lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya themanini, na katika miaka ya tisini likafunga bandari na mialo. Mvuvi wa Mwanza au Kisumu aliyeshindwa kutoa mtumbwi asubuhi alikuwa analipia bustani ya mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Simaanishi tuikate mijakaranda. Mti hauna kosa, na mimi mwenyewe Oktoba bila zambarau ningeiona pungufu. Wageni bado wanakuja pia, wanajenga Usa River na Karen, wanauliza mti gani unaota haraka. Kwa kawaida wanayemuuliza ni kijana wa bustani, na kwa kawaida hawaandiki jina lake.

Babu alifariki kabla sijawa mwandishi. Yale majina ya Kimeru ya mimea niliyakumbuka saba tu nilipojaribu kuyaandika juzi usiku. Nikampigia mama simu, akaniongezea manne. Mengine, akasema, aliyajua mzee peke yake. Kama kwenu yupo mzee aliyewahi kushika jembe kwenye bustani ya bwana, nenda Jumapili hii ukamtembelee. Beba daftari. Usimuulize kuhusu bwana. Muulize kuhusu miti.