Udhibiti wa kujirudia

Inveta ya nyumbani inatakiwa kutoa umeme wenye wimbi laini, mizunguko 50 kwa sekunde. Ukichomeka televisheni au kompyuta, vilele vya wimbi hilo hubonyea, kwa sababu vifaa hivi hunyonya mkondo kwa mkupuo pale volteji inapofika juu. Mkupuo huo hurudi palepale, kwa umbo lilelile, mzunguko baada ya mzunguko.

Kidhibiti cha kawaida hupima kosa, hurekebisha, hupima tena. Mkupuo wa ghafla namna hii hukikuta kimechelewa, na kila mzunguko kidhibiti huchelewa vilevile bila kujifunza chochote. Udhibiti wa kujirudia huweka ndani ya kidhibiti kumbukumbu yenye urefu wa mzunguko mmoja. Kikipima mara 10,000 kwa sekunde, mzunguko wa milisekunde 20 huwa na vipimo 200. Kosa la kila kipimo huhifadhiwa na kutumika kurekebisha nafasi ileile mzunguko unaofuata. Ni kama dereva wa daladala anayelijua shimo la njia yake: hupunguza mwendo kabla ya kulifikia.

Mbinu hii ilizaliwa Japani. Mwaka 1981 Inoue, Nakano na wenzao waliitumia kwa mitambo inayolisha umeme sumaku za sinkrotroni ya protoni, mashine ya kuongezea chembe kasi, ambako mkondo hupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja. Nadharia ilikuwa imetangulia: mwaka 1976 Francis na Wonham walionyesha kwamba kidhibiti hakiwezi kufuta usumbufu kabisa mpaka kibebe ndani yake mfano wa kile kinachouzaa.

Kumbukumbu hiyo hukuza pia mitetemo ya kasi mno ambayo mtambo hauwezi kuifuata, na mfumo mzima huweza kuyumba. Hara na wenzake, mwaka 1988, walieleza namna ya kuweka kichujio: usahihi kidogo unapotea, utulivu unapatikana. Ni biashara nzuri.

Kwa nini jina la mbinu hii lisiwe “udhibiti wa marudio”? Katika fizikia, marudio ni idadi ya mizunguko kwa sekunde. Fundi wa kituo cha umeme akilisikia jina hilo angeelewa kazi ya kuishikilia mizunguko 50 isipande wala kushuka, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. “Kujirudia” hutaja tabia ya usumbufu wenyewe, hivyo ndilo jina bora.

Udhaifu mkubwa ni mzunguko unaobadilika urefu. Jenereta ikilemewa ikashuka hadi mizunguko 49, mzunguko mmoja huchukua karibu milisekunde 20.4, na kumbukumbu ya vipimo 200 husahihisha mahali pasipo na kosa. Hivyo wahandisi huipa programu kazi ya kupima kasi ya mizunguko kwanza, kisha kurefusha kumbukumbu hadi vipimo 204.